"Imepandisha" na "mmepandisha": pale barza inapovunjika

Sala ya alasiri imekwisha, muuza kahawa ameshatua dele lake juu ya makaa, na barza imejaa. Mazungumzo yanaanza na mchele. "Serikali imepandisha ushuru bandarini," anasema mmoja. Kwa mabishano, hiyo ni kauli njema. Ina mtendaji, ina kitendo, ina mahali. Anayeikataa anaweza kuuliza: ushuru upi, tangu lini, na umeongezeka kiasi gani kwa gunia? Duru ya pili ya vikombe, msemaji yule yule anasema: "Mmepandisha ushuru." Waliokaa pale ni fundi seremala, mwalimu mstaafu, mvuvi na kijana wa bodaboda. Hakuna kati yao aliyepandisha kitu. Lakini kiambishi kimeshageuka, na kilichokuwa kinajadiliwa si mchele tena. Ni watu wenyewe.

Atakayesikiliza kwa makini ugomvi wa vyama Unguja na Pemba ataikuta "m" hiyo kila mara, dakika chache kabla ya sauti kupanda. Ndiyo dalili ya kwanza, na ndiyo iliyo rahisi kuizuia. Dawa tuliyoizoea, ya kuwaambia watu "acheni siasa", haijatibu kitu. Huwezi kumwambia mtu wa Micheweni, Pemba, asizungumze siasa wakati bei ya karafuu yake inapangwa na Serikali na mnunuzi halali ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Wala huwezi kumwambia hivyo kijana anayehitaji barua ya sheha, kiongozi wa Serikali mtaani, ili apate kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na sheha huyo ameteuliwa na mkuu wa mkoa. Siasa imo ndani ya nyumba. Swali ni vipi watu wataibishania bila ya kuvunjiana.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini moto huu ni mkali kuliko ukubwa wa visiwa. Wengi husema ni ujinga, au ni chuki za zamani. Mimi naona sababu kubwa ni hesabu. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Kura hiyo iliipa ASP (Afro-Shirazi Party) viti 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) ikawa na 9 na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3. ZPPP ikagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, na matokeo yakawa 11 kwa 11. Nchi ikarudi kwenye uchaguzi Juni mwaka huo huo, na katika ghasia za siku zile wakafa watu 68. Kutoka kura moja ya Chake Chake hadi makaburi 68 ni miezi mitano. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo huo kurejeshwa, Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi dhidi ya Maalim Seif Sharif Hamad kwa tofauti ya kura 1,565. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alimshinda Maalim Seif kwa kura 3,471. Kwa tofauti kama hizo, aliyekaa pembeni yako barzani si msikilizaji tu, ni kura inayohesabiwa. Ndiyo maana mtaa mzima unajua nyumba ipi ni ya nani, na ndiyo maana mtu akibadili upande habari yake hufika sokoni kabla yake mwenyewe.

Hesabu ya pili ni ya anachopoteza aliyeshindwa. Mshindi akichukua vyote, aliyeshindwa hubaki miaka mitano akiomba. Hilo lilionekana wazi Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilipokuja. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Julai 31, 2010 wananchi waliulizwa katika kura ya maoni na asilimia 66.4 wakakubali, Katiba ikarekebishwa, na nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais ikawa ya chama kilichoshika nafasi ya pili. Uchaguzi wa mwaka huo ulikuwa na tofauti ndogo sana, lakini mitaa ilitulia. Watu walibaki na vyama vyao vile vile. Kilichobadilika ni kwamba kushindwa hakukuwa tena kufukuzwa nyumbani. Oktoba 28, 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC), Jecha Salim Jecha, alipotangaza kuufuta uchaguzi, huku matokeo ya majimbo 31 kati ya 54 yakiwa yameshasomwa, hali ilirudi kule kule. Uchaguzi wa marudio ukafanyika Machi 20, 2016, CUF, chama cha Maalim Seif wakati huo, ikaususia, na mwaka ule Pemba ilishuhudia watu wakisusiana maduka, gari na maziko. Mashamba ya watu yakaharibiwa usiku, mihogo ikang'olewa na mikarafuu ikakatwa.

Kususiana huko hakukuzuliwa 2016. Kulikuwapo tangu zile ambazo wazee wanaziita "zama za siasa", yaani kuanzia uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 hadi Mapinduzi. Mwaka 1957 na 1958 watu walitengana madukani, kwenye mabasi na hata kwenye maziko, na kuna wenye mashamba waliowafukuza maskwota kwa sababu ya chama. Kilichopunguza moto kwa muda ni mapatano ya viongozi chini ya msukumo wa PAFMECA, umoja wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati uliozaliwa Mwanza Septemba 1958, na Kamati ya Uhuru ya pamoja iliyofuata. Yalidumu kidogo. Lakini yanaonesha kuwa wakubwa wakikaa meza moja, barza nazo hushusha sauti.

Turudi kwenye mwendo wa ugomvi wenyewe, maana una hatua, na anayezijua huweza kuukata njiani.

Baada ya "m" huja mruko wa miaka. Mtu ameulizwa bei ya mchele wa leo, anajibu kwa 1964. Mwenzake anamjibu kwa Januari 2001, waandamanaji wa CUF walipouawa. Wa kwanza anarudi Juni 1961. Kila tarehe ni ya kweli na kila moja ina maiti wake, na kwa hiyo hakuna anayeweza kukubali hoja ya mwenzake bila ya kuonekana amewasaliti waliokufa. Mchele umesahauliwa. Nasema hili bila ya kupunguza uzito wa matukio hayo. Yana haki ya kuzungumzwa, na yana haki ya kuzungumzwa siku yake, kwa utulivu, si kutumiwa kama jiwe la kumpigia mtu aliyeuliza ushuru.

Kisha huja asili. Maneno yanajulikana na yana umri mrefu kuliko wengi wanaoyatumia: Hizbu, gozi, chotara, mamluki, kibaraka, na hata "Mpemba" likitamkwa kwa namna fulani. ZNP, iliyoitwa Hizbu kwa Kiarabu, haipo tangu 1964. Kijana aliyezaliwa 1998 anaitwa mwanachama wa chama kilichokufa miaka 34 kabla hajazaliwa. Neno la asili likishatoka, mabishano yamekwisha, kwa sababu mtu anaweza kubadili maoni juu ya ushuru lakini hawezi kubadili bibi yake. Aliyeambiwa hivyo ana njia mbili tu, apigane au aondoke. Wengi huondoka, na ndipo barza ya pili huanza ng'ambo ya njia, vikombe vingine na bao lingine.

Watu hudhani hatari iko kwenye maskani za vyama. Kisonge pale Michenzani ni maskani ya CCM iliyojulikana kwa ubao wake wa maandishi makali, na Jaws Corner ndani ya Mji Mkongwe inajulikana kwa wapinzani. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo mfupi wa miguu. Huko maneno ni makali, lakini karibu wote waliokaa wanakubaliana, kwa hiyo hakuna anayegombana na jirani yake. Barza inayohitaji kulindwa ni ile iliyochanganyika, ya mtaani, inayokusanya aliyevaa kijani cha CCM na wa zambarau ya ACT-Wazalendo, kwa sababu ndiyo itakayochanga sanda mmoja wao akifa.

Sasa, mabishano mengi ya vyama yanayoonekana hayana mwisho yana mwisho, ila wabishani wanatumia vipimo viwili bila ya kujua. Mfano mzuri ni Julai 1963. Mmoja anasema ASP ilishinda, mwengine anasema ilishindwa, na wote wawili wana namba sahihi mkononi. ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote. Lakini katika viti 31 ilipata 13, ZNP 12 na ZPPP 6, na vyama viwili hivyo vya mwisho vikaungana vikawa na 18. Kwa kura, wengi walikuwa ASP. Kwa viti, serikali ilikuwa ya muungano wa ZNP na ZPPP. Mgogoro wa kweli hapo si nani mwongo. Ni swali la mipaka ya majimbo na kura zilizorundikana mahali pamoja, na swali hilo watu wa vyama vyote wanaweza kulikalia kwa kalamu na karatasi. Nimetaja mfano wa zamani kwa makusudi, kwa sababu ugonjwa ule ule upo leo katika kila mjadala wa kuongeza na kupunguza majimbo.

Uchaguzi wa 2015 nao unabishaniwa hivyo hivyo. Anayetetea uamuzi wa kufuta anazungumzia kasoro zilizotajwa na Mwenyekiti wa ZEC. Anayepinga anauliza vipi wapiga kura wale wale, siku ile ile, wamempigia kura Rais wa Muungano na kura hizo zikahesabika halali. Hoja hizi hazikutani kwa sababu ya kwanza ni ya mwenendo wa tume moja, na ya pili ni ya kulinganisha tume mbili, ZEC na ile ya Muungano. Kwa maoni yangu hoja ya pili ndiyo iliyobaki bila ya jibu la kutosha. Lakini anayetofautiana nami anaweza kufanya hivyo bila ya kuambiwa yeye ndiye aliyefuta.

Karafuu inaonesha vizuri zaidi namna ya kulimaliza jambo. Serikali imetangaza sera ya kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Kila msimu wapo wanaosema wanaibiwa na wapo wanaosema hakuna serikali iliyompa mkulima zaidi. Kupiga kelele hakuhitajiki, zinahitajika namba tatu: bei ya tani kwa dola katika soko la nje wakati huo, thamani ya dola kwa shilingi, na bei ya kilo kwa daraja lililopimwa kituoni. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, tani ni dola 7,000 na dola ni shilingi 2,500. Kilo moja ni dola 7, sawa na shilingi 17,500. Asilimia 80 yake ni shilingi 14,000. Kituo kikilipa chini ya hapo kwa daraja la kwanza, mlalamikaji ana haki. Kikilipa hapo au zaidi, hana, na sasa mjadala uhamie kwenye jambo jengine, kwamba je, asilimia 80 inatosha kwa mtu anayelipa wachumaji, majamvi na gari? Makosa hutokea mahali pawili. Watu huchukua bei ya dunia ya mwaka jana na kuilinganisha na malipo ya mwaka huu. Au hulinganisha daraja la kwanza la mmoja na la tatu la mwengine, ambaye karafuu zake zilinyeshewa zikiwa zimeanikwa zikafanya ukungu. Wote wawili wanasema kweli juu ya fedha walizopokea, na wote wawili wamekosea juu ya sera.

Simu nayo imeleta tatizo lake barzani. Kijana anachomoa klipu ya sekunde 20, inapita mkono kwa mkono, na kabla haijafika kwa wa mwisho wa kwanza ameshakasirika. Kabla ya kubishania kilichosemwa, barza iulize mambo matatu: kasema nani, wapi, lini. Tarehe mara nyingi imo ndani ya picha yenyewe. Ukimuona Maalim Seif jukwaani chini ya bendera za CUF, hiyo ni kabla ya Machi 2019, alipohamia ACT-Wazalendo. Ukimuona na zambarau ni baina ya hapo na Februari 2021, alipofariki. Anayeileta klipu ya bendera za CUF kama jibu la uchaguzi wa juzi ameleta kitu cha zamani, pengine naye kadanganywa. Aombwe klipu nzima. Asipokuwa nayo, simu irudi mfukoni na mazungumzo yaendelee na kilichokuwapo.

Barza zinazodumu zina mtu mmoja anayesikilizwa. Aghalabu ni mzee, ingawa si lazima. Lililo lazima ni kwamba asiwe sheha, wala mwenyekiti wa tawi, wala mtu anayetarajia kugombea, kwa sababu uamuzi wake utahesabiwa kuwa wa chama hata akiwa muadilifu. Kazi yake si kutoa hukumu ya nani kashinda. Ikitoka "m", anauliza: "Nani hapa kapandisha?" Swali hilo hufanya kazi kuliko mawaidha, maana kila mtu hulazimika kutazama pembeni na kumkuta jirani yake, si serikali wala chama. Mtu akiruka miaka, mzee anauliza: "Tumo mwaka gani?" Likitoka neno la asili, hapo mazungumzo yasimame palepale, bila ya kusubiri jibu, kwa sababu jibu litakuwa baya zaidi. Aliyelisema atozwe duru moja ya kahawa kwa wote na aombe radhi mbele ya waliosikia. Kumfukuza hakufai. Aliyefukuzwa huenda kwa wanaofikiri kama yeye, na huko hapati wa kumuuliza "nani?"

Zipo siku ambazo hata barza imara inafaa ifunge mjadala wa vyama kabisa. Siku ya msiba wa mtaa ni moja. Nyengine ni siku zile baina ya kupiga kura na kutangazwa, wakati kila mtu ana namba za kituo kimoja na anazisema kana kwamba ni za nchi nzima. Kura huhesabiwa kituoni, mawakala wa vyama husaini fomu, na nakala hubandikwa nje. Aliyepita vituo viwili na kusoma fomu zake anajua habari za vituo viwili, basi. Na siku ya tatu ni ya matokeo. Jeraha linalokaa mtaani kwa miaka mara nyingi si matokeo yenyewe, ni ngoma iliyopita makusudi mbele ya mlango wa aliyeshindwa na nyimbo zilizoimbwa pale, watoto wake wakisikia. Mshindi anayetaka kulinda mtaa wake aizuie ngoma hiyo isikunje kona, na hili ni jukumu lake yeye, si la aliyeshindwa kuvumilia.

Yote haya ni ya barza, na barza ni ya wanaume. Ndani ya nyumba mambo huwa mazito zaidi na hayana mzee wa kuuliza swali. Baada ya uchaguzi wa 2015 waliripotiwa wanawake walioachwa kwa sababu tu walipiga kura tofauti na waume zao. Kura ni siri kisheria. Mume anayemuuliza mkewe kampigia nani ameshavunja siri hiyo kabla hajatoa talaka, na waliokaa naye barzani kila siku wanamjua. Wao ndio wanaoweza kumwambia, tena mapema, kabla ya siku ya kura, na kwa maneno wazi. Kunyamaza kwao kumeshavunja nyumba.

Hatua ya mwisho ya ugomvi ni kususia maziko. Ikifika hapo, hakuna hoja itakayowarudisha watu, kwa kuwa hawakuachana kwa hoja. Kinachowarudisha ni kazi ya mikono. Kaburi huchimbwa kwa zamu, mwanandani, shimo la ndani la kulazia maiti, unataka mtu anayejua kuukata, viunza, mbao za kuufunikia, vinataka kubebwa, maji na udongo vinataka watu. Anayekuja wa kwanza kutoka upande wa pili asije na hotuba, aje na jembe lake, achimbe zamu yake na aondoke bila ya kutaja lililopita. Na wafiwa wana lao la kufanya. Wasitosheke na tangazo la kipaza sauti cha msikiti, ambalo aliyesusiwa husema halikumhusu. Wampeleke mtu agonge mlango wa kila nyumba, ya kijani na ya zambarau, atoe taarifa kwa mdomo: jina la marehemu, saa ya kusaliwa na mahali pa kuzikwa.